Kumfuatilia narwali na wenzake wa Aktiki: mwongozo kamili wa tagi, jarife na data za mbizi

Narwali akipiga mbizi ya dakika 25 huibuka, huvuta pumzi kadhaa, kisha huzama tena. Katika zile dakika chache za juu ndipo antena ya tagi, yaani kifaa cha kufuatilia kilichofungwa mgongoni mwake, hupata kusema na setilaiti. Muda mwingine wote yumo ndani ya maji ya chumvi, ambayo mawimbi ya redio hayapenyi. Karibu kila uamuzi ulio katika mwongozo huu, kuanzia pini inayopitishwa mgongoni hadi chujio la mwisho kwenye kompyuta, unatokana na ufinyu wa dirisha hilo.

Aktiki ina nyangumi watatu wanaokaa huko mwaka mzima. Narwali, anayejulikana kwa jino lake refu lililosokotwa kama kamba, huishi zaidi kati ya Greenland na visiwa vya Nunavut nchini Kanada. Beluga ni yule mweupe. Wa tatu ni mkubwa kuliko hao wote, hana meno, na taya lake limepinda kama upinde. Hapa tutamwita nyangumi-upinde, na Wainuit wa Kanada humwita arviq. Wote watatu hawana pezi la mgongoni, jambo ambalo ni kero kubwa kwa mfuatiliaji kwa sababu nyangumi wengine hufungwa tagi kwenye pezi. Mwongozo unamshika zaidi narwali, kisha unaonyesha pale wengine wanapotofautiana naye.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kuagiza chochote

Tagi moja haitajibu kila kitu. Ukitaka kujua wanyama wanahama kupitia wapi, unahitaji tagi ya mahali tu, isiyokula betri, iishi miezi mingi. Ukitaka kujua wanakula wapi na kwa kina gani, unahitaji kihisi cha shinikizo na ujumbe wa kina wenye vipindi vifupi. Ukitaka kujua meli au mizinga ya hewa ya kutafutia mafuta inawafanya nini, unahitaji tagi ya sauti inayorekodi kila kitu ndani yake, nayo lazima uipate tena mkononi. Ukiwa unahesabu wanyama kwa ndege, unachohitaji ni kitu kimoja: sehemu ya muda anaoutumia karibu na uso wa maji.

Watafiti wengi wapya huagiza tagi yenye kila kitu na kuwasha kila kitu. Matokeo yake ni betri kuisha Desemba, na data iliyojaa mashimo kwa sababu ujumbe wa aina tano ulikuwa ukigombania nafasi ileile ya sekunde chache.

Hatua ya 2: Chagua tagi

Uti wa mgongo wa kazi hii ni mfumo wa Argos, ulioanza mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Ufaransa na Marekani. Tagi hutuma ujumbe mfupi usiozidi sekunde moja, kwenye masafa ya karibu megahezi 401.65, na setilaiti zinazopita juu ya ncha za dunia kwa kimo cha takriban kilomita 650 hadi 850 huupokea. Setilaiti ikija kuelekea tagi, masafa hupanda kidogo, ikiondoka, hushuka. Kutokana na mabadiliko hayo kituo hukokotoa mahali mnyama alipo. Tagi za kawaida za Argos husema tu, hazisikii: ukishamwachia mnyama, huwezi tena kubadilisha mpangilio wowote.

Hapa Aktiki ina neema yake. Kila setilaiti huzunguka dunia kwa takriban dakika 100, na kila mzunguko hupita karibu na ncha. Tagi iliyoko nyuzi 72 kaskazini huonwa karibu kila mzunguko, ilhali iliyofungwa kwa kasa pwani ya Mafia huonwa na setilaiti hiyohiyo mara chache tu kwa siku. Kwa hiyo kule kaskazini tatizo si uhaba wa setilaiti. Tatizo ni mnyama kutokuwa juu zinapopita.

Mambo ya kukagua kwenye karatasi ya vipimo:

- Shinikizo. Kila mita 10 za maji huongeza kiasi cha uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Narwali wa ghuba ya Baffin wamerekodiwa wakizama zaidi ya mita 1,700. Agiza kasha na kihisi cha mita 2,000. Kihisi cha mita 1,000 kitaonyesha mstari ulionyooka kwenye 1,000 na utadhani ndiko chakula kilipo.
- Usahihi wa kina. Nusu mita inatosha kwa mbizi. Kwa kazi ya kuhesabu kwa ndege ndicho kiwango cha chini kabisa unachoweza kukubali.
- Swichi ya maji ya chumvi. Hii ndiyo huiambia tagi "sasa tuko juu, tuma". Bila hiyo betri hutumika bure chini ya maji.
- Fastloc. Hunasa ishara za GPS kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha hesabu hufanyika nchi kavu. Kwenye fyodi nyembamba (mikono ya bahari iliyoingia kati ya milima) ni karibu lazima. Bahari wazi, kama swali lako ni uhamaji, unaweza kuiacha.
- Antena. Iliyo ndefu hutuma vizuri lakini barafu huivunja. Iliyo fupi na nene kwenye kitako hudumu. Kwa narwali atakayeingia kwenye barafu ya majira ya baridi, chagua ya kudumu.

Hatua ya 3: Panga tagi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na huharibika kimya kimya, maana kosa huonekana miezi mitatu baadaye wakati mnyama yuko mamia ya kilomita mbali.

Anza na bajeti ya betri. Tuseme cheti cha mtengenezaji kinasema betri inatosha kutuma mara 20,000. Ukifunga tagi tarehe 15 Agosti na kuruhusu mara 120 kwa siku hadi 15 Novemba, siku 92 zitakula 11,040. Zinabaki 8,960. Ukishusha hadi 50 kwa siku kuanzia hapo, utafika katikati ya Mei, yaani utakuwa umeona safari ya vuli, makazi ya baridi na mwanzo wa kurudi. Ukiacha 250 kwa siku kama tagi ilivyotoka kiwandani, bajeti itaisha kwa siku 80, na hutaona hata mwezi mmoja wa majira ya baridi. Kumbuka pia kwamba hesabu ya kiwandani hufanywa kwenye joto la kawaida. Betri za lithiamu hushusha volti kwenye maji yaliyo karibu na nyuzi sifuri au chini yake, kwa hiyo punguza robo ya bajeti hiyo kichwani mwako.

Kikomo cha siku kina mtego wake. Huanza upya saa sita usiku kwa saa za kimataifa, ambazo kwa Pond Inlet, kijiji cha Nunavut, majira ya joto ni saa mbili usiku. Mnyama akipumzika juu ya maji saa chache za mwanzo, humaliza mgao wote, na siku nzima iliyobaki tagi hunyamaza. Data yako basi itaonyesha kwamba narwali hutembea jioni tu. Dawa yake ni kugawa mgao kwa saa, au kuruhusu salio kuhamia siku inayofuata.

Muda kati ya kutuma na kutuma uwe karibu sekunde 45 mnyama akiwa juu. Ukiuongeza hadi dakika moja na nusu, utapata ujumbe mmoja au mbili tu kila anapoibuka, na ubora wa mahali utaanguka.

Kisha ujumbe wa kina. Zipo njia tatu.

Ya kwanza ni mafungu: tagi hupima kina mfululizo, hujumlisha muda uliotumika katika kila tabaka, na hutuma muhtasari wa saa 6. Mipaka unaiweka wewe. Kwa narwali mipaka inayofanya kazi vizuri, kwa mita, ni 2, 4, 6, 10, 20, 50, 100, 200, 400, 600, 800, 1,000, 1,500, na fungu la mwisho kwa kila kilichozidi hapo. Usirundike mipaka kwenye kina kirefu ukasahau ile ya 2, kwa sababu bila hiyo data yako haitawafaa kamwe wanaohesabu kwa ndege. Na usibadilishe mipaka kati ya mwaka na mwaka, hata ukigundua iliyo bora. Mafungu tofauti hayalinganishiki.

Ya pili ni mfululizo wa vipimo. Kwenye tagi zinazotumika sana, ujumbe mmoja hubeba vipimo 48 vya kina. Ukipima kila dakika 5, ujumbe mmoja unafunika saa 4. Ukipima kila sekunde 75, unafunika saa 1 tu. Sasa fikiri: mbizi ya dakika 25 ikipimwa kila dakika 5 ina nukta 5. Huwezi kujua kama alikaa chini au aligusa akarudi. Ikipimwa kila sekunde 75 ina nukta 20, na umbo lake linaonekana wazi, lakini unahitaji ujumbe mara nne zaidi. Njia ya katikati ni kupima kwa sekunde 75 siku moja, kisha kupumzika siku tatu. Utapoteza mwendelezo, ila siku utakayoipata itakuwa kamili.

Ya tatu ni kumbukumbu ya kila mbizi: kina kirefu kabisa, muda, na umbo lililofupishwa. Ni nzuri, lakini unapaswa kuamua mbizi ni nini. Ukiweka kila kuzama kwa zaidi ya mita 2, tagi itajaza kumbukumbu kwa vizamo vidogo vya kupumzikia. Kwa narwali weka mita 10 na dakika 1 kama kima cha chini.

Chagua mbili kati ya hizo, si tatu.

Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kusafiri, kisha jaribu tena kambini

Weka tagi nje, penye anga wazi, kwa angalau saa 24. Ndani ya nyumba au kwenye kontena setilaiti haitaisikia, na utampigia mtengenezaji simu bure. Hakiki kwamba nambari ya tagi inaingia kwenye akaunti yako na mahali panapotolewa ni pale ulipo. Kisha itumbukize kwenye ndoo ya maji yenye chumvi: inatakiwa inyamaze mara moja, na ukiitoa ianze kutuma. Maji matamu hayapitishi umeme vya kutosha, kwa hiyo jaribio la ndoo ya mtoni halina maana.

Andika usomaji wa kina tagi ikiwa juu ya meza kwenye baridi. Ukisoma mita 1.5 badala ya sifuri, nambari hiyo utaihitaji baadaye.

Mwisho, angalia hali ya tagi. Wakati wa kusafirisha huzimwa kwa sumaku au kwa mpangilio wa safari. Mtu mmoja katika timu awe na jukumu moja tu siku ya kufunga: kuthibitisha kwamba imewashwa na kusema kwa sauti nambari yake. Imetokea tagi kwenda baharini ikiwa imelala, na hakuna wa kumlaumu ila orodha isiyosomwa.

Hatua ya 5: Vibali na wenye bahari

Nchini Kanada unahitaji leseni ya wizara ya uvuvi, idhini ya kamati ya ustawi wa wanyama, na ridhaa ya chama cha wawindaji cha kijiji husika. Alaska inaongozwa na sheria ya mamalia wa baharini ya mwaka 1972, na kwa nyangumi-upinde hakuna linalokwenda bila Tume ya Wavuvi wa Nyangumi wa Ki-Eskimo ya Alaska. Greenland unapitia serikali yake, na Taasisi ya Maliasili iliyoko Nuuk ndiyo yenye uzoefu mkubwa.

Ridhaa ya wawindaji si mapambo ya fomu. Hao ndio wanaojua narwali hupita upande gani wa fyodi upepo ukigeuka, na bila wao jarife lako litakaa wiki tatu bila kitu. Wana haki ya kuwinda, na mnyama mwenye tagi anaweza kupigwa kihalali. Kubalianeni mapema: tagi ikipatikana irudishwe wapi, na nani alipie. Kumbukumbu iliyo ndani ya tagi iliyorudi ni tajiri mara nyingi kuliko kile kilichopita kwa setilaiti. Kubalianeni pia kwamba ramani ya mahali wanyama walipo leo haitatangazwa leo.

Hatua ya 6: Kunasa

Kwa narwali hutumika jarife lenye urefu wa mita 40 hadi 80 na kina cha mita 5 hadi 8, macho mapana, rangi nyeusi. Mahali pake ni kwenye rasi au ukingo ambao wanyama huupita karibu na nchi kavu; Tremblay Sound huko Nunavut, ghuba ya Melville na Scoresby Sound huko Greenland ndiko kazi nyingi zimefanyika. Funga ncha moja kwenye mwamba, vuta wavu uelekee baharini kwa pembe mraba na ufuo, kisha utie nanga ncha ya nje. Maboya yawe makubwa na yenye rangi kali. Chubwi ziwe nyepesi kiasi kwamba mnyama akinaswa anaweza kuunyanyua wavu na kupumua. Chubwi nzito humzamisha, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote katika mwongozo huu.

Jarife likiwa majini linaangaliwa saa 24 kwa kupokezana bila kulegea. Mwanzoni mwa Agosti hakuna usiku wa giza huko, kwa hiyo giza si udhuru. Ukungu mzito au siwa la barafu likikaribia, toa wavu. Boya likizama, boti mbili za mpira ziwe majini ndani ya dakika chache. Ya kwanza huinua kamba ya juu kumleta mnyama hewani. Ya pili humfunga kamba laini kwenye kiuno cha mkia na kumvuta hadi maji ya kina cha kiuno, tumbo likiwa bado linaelea. Akiwa na ndama, au wakinaswa wawili, achia mara moja.

Beluga ni rahisi kidogo: majira ya joto huingia kwenye midomo ya mito yenye maji machache, na boti ndogo zinaweza kumsindikiza hadi kwenye kina kifupi, kisha akatiwa wavu wa kitanzi kichwani.

Hatua ya 7: Kufunga

Narwali na beluga wana ukingo mdogo uliopanda mgongoni mahali pezi lingekuwa. Tagi huwekwa kama tandiko juu ya ukingo huo. Safisha ngozi kwa dawa. Kwa bomba la chuma lenye makali, lililochemshwa, toboa matundu mawili au matatu kupitia ngozi na shahamu, pitisha pini za nailoni zenye unene wa milimita 8 hadi 10, kisha funga nyaya za chuma kisichoshika kutu kutoka kwenye tagi hadi pini, na nati na washa pande zote mbili.

Kubana ndiko kunakoamua umri wa tagi. Ukikaza sana, ngozi chini ya washa hufa na pini huanza kusafiri kutoka nje ndani ya wiki. Ukilegeza, tagi hutikisika kila anapogeuka na kukata matundu kuwa marefu. Kidole kidogo kipite kwa shida kati ya washa na ngozi. Angalau kiungo kimoja kiwe cha metali inayoliwa na maji ya chumvi, ili tandiko lote lidondoke kazi ikiisha.

Lenga dakika 30 tangu anapofikiwa hadi anapoachiwa. Mmoja ahesabu pumzi na kuzitaja. Utafiti uliofanywa Scoresby Sound na kuchapishwa mwaka 2017 ulipima mapigo ya moyo ya narwali walioachiwa kutoka nyavuni: yalishuka hadi 3 au 4 kwa dakika huku wanyama wakiogelea kwa nguvu zote kukimbia. Mwili unaokimbia na moyo uliosinyaa kwa pamoja ni mzigo mkubwa, na kila dakika ya ziada unaongeza wewe. Vipimo vya urefu, jinsia, na kipande kidogo cha ngozi kwa ajili ya vinasaba vichukuliwe wakati pini zinafungwa, si baada yake.

Nyangumi-upinde hashikwi

Uzito wake unapita tani 50. Hakuna wavu hapa. Boti humkaribia kutoka nyuma kwa mwendo wa taratibu, na tagi yenye ncha ya chuma kama chusa huingizwa kwa upondo wa mita 8, kama ilivyozoeleka ghuba ya Disko magharibi mwa Greenland, au hurushwa kwa bunduki ya hewa. Nanga yake hukaa kwenye shahamu, ambayo kwa nyangumi huyu ni nene kuliko ya mnyama mwingine yeyote. Lenga juu kabisa ya mgongo, nyuma ya matundu ya pua. Tagi iliyoingia nusu mita chini ya hapo iko hai na inapima, ila antena haitoki majini, nawe hutasikia neno. Usipopata nafasi nzuri, mwache aende.

Tagi za namna hiyo ndizo zilizoonyesha, Septemba 2010, nyangumi-upinde mmoja aliyetoka Alaska na mwingine aliyetoka Greenland wakiwa eneo moja katikati ya njia ya kaskazini-magharibi (njia ya bahari kupitia visiwa vya kaskazini mwa Kanada), mahali ambapo barafu ilikuwa ikidhaniwa inatenga makundi hayo mawili.

Hatua ya 8: Safisha mahali

Argos hutoa kila nukta na daraja. Daraja la 3 lina kosa lisilozidi mita 250, la 2 kati ya 250 na 500, la 1 kati ya 500 na 1,500, na la 0 zaidi ya hapo. A ni nukta iliyopatikana kwa ujumbe tatu, B ni kwa ujumbe mmoja au mbili, Z tupa. Tangu 2011 kituo hutoa pia duaradufu ya kosa kwa kila nukta. Iombe, kwa sababu ina thamani kuliko herufi.

Kwa narwali jiandae: nukta nyingi zitakuwa B. Si dalili ya tagi mbovu, ni dirisha lile finyu. Usizitupe zote; ukifanya hivyo utabaki na siku alizopumzika tu.

Utaratibu ni huu. Futa saa 24 za kwanza baada ya kuachiwa, kwa sababu hizo zinaeleza hofu, si maisha yake. Ondoa Z na nukta zilizojirudia kwa muda uleule. Weka chujio la mwendo, kwa narwali karibu kilomita 10 kwa saa. Nukta mbili zilizopishana dakika 20 na umbali wa kilomita 10 zina mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Mojawapo ni ya uongo. Kisha tumia modeli inayokubali makosa na kutoa njia yenye vipindi sawa: crawl au aniMotum, vifurushi vya programu ya takwimu ya R, hufanya kazi hiyo vizuri. Chagua kipindi kisicho kifupi kuliko wastani wa data yako. Ukiwa na nukta 6 kwa siku, njia ya kila saa ni hadithi iliyotungwa na kompyuta.

Badili kwanza nukta kutoka digrii kuwa makadirio ya ramani ya ncha (ramani bapa inayopimwa kwa mita), EPSG 3413 kwa mfano. Digrii moja ya longitudo ikwetani ni kilomita 111. Kwenye nyuzi 75 ni karibu kilomita 29. Anayekokotoa umbali kwa digrii huko hupata narwali wanaoruka.

Nukta zitaangukia milimani. Usizivute hadi majini kwa mkono kabla ya modeli. Acha modeli ifanye kazi, halafu shughulikia zilizobaki. Kwa Fastloc, tupa nukta zilizopatikana kwa setilaiti chini ya 5 au zenye salio la kosa zaidi ya 35.

Hatua ya 9: Soma mbizi

Rekebisha sifuri kwanza. Ile mita 1.5 uliyoiandika kambini hubadilika na baridi na umri wa kihisi, kwa hiyo chora kina kidogo kabisa cha kila saa na uone kinavyoteleza. Programu ya diveMove husaidia.

Kisha pima mantiki. Narwali hushuka na kupanda kwa takriban mita 1 hadi 2 kwa sekunde. Mbizi ya mita 800 kwa mwendo wa 1.5 ni dakika 9 kushuka na 9 kupanda. Mbizi ikiwa ya dakika 25, zinabaki 7 za kutafuta chakula. Kumbukumbu ikikuambia alifika 1,400 na kurudi kwa dakika 20, inamtaka aende mita 2.3 kwa sekunde bila kutua chini hata kidogo. Tazama kwanza kama ujumbe ule uliharibika njiani.

Muda wa chini huhesabiwa kwa kawaida kama muda uliotumika kwenye kina kinachozidi asilimia 80 ya kina kirefu kabisa cha mbizi hiyo. Mbizi yenye umbo la U, iliyojaa muda wa chini, mara nyingi ni ya kulisha. Yenye umbo la V ni ya kusafiri au kupeleleza. Neno "mara nyingi" lina uzito hapa. Tagi za sauti zilizofungwa mashariki ya Greenland kati ya 2013 na 2016 zilionyesha milio ya kukamata mawindo ikitokea sana kati ya mita 350 na 650, yaani si lazima iwe chini kabisa. Pia wanyama walikaa takriban siku nzima baada ya kufungwa bila kutoa milio hiyo, sababu nyingine ya kufuta zile saa 24.

Linganisha kila kina na ramani ya sakafu ya bahari, GEBCO au IBCAO. Akizama zaidi ya sakafu, basi mahali si sahihi au ramani si sahihi. Kwenye fyodi za Greenland usiharakishe kumlaumu mnyama. Majira ya baridi narwali wa ghuba ya Baffin huwinda samaki aitwaye halibuti wa Greenland karibu na sakafu, na mwaka 2006 na 2007 tagi za narwali 14 zilipima hata joto la maji ya chini ambako meli haziwezi kufika wakati huo.

Ongeza barafu kwa picha za setilaiti za kila siku zenye gridi ya kilomita 6.25, lakini fahamu kwamba ufa anaopumulia narwali una upana wa mita chache. Gridi itasema asilimia 97 ya barafu na yeye anapumua bila shida.

Kwa wanaohesabu kwa ndege: narwali huonekana akiwa ndani ya mita 2 za juu, na hukaa hapo takriban theluthi ya muda. Wapigapicha wakiona 300 na sehemu ya muda ikiwa 0.31, idadi ni kama 968. Ikiwa kihisi chako kimeteleza mita moja na sehemu ikasomeka 0.25, idadi inakuwa 1,200, na mgao wa uwindaji unaweza kupangwa juu ya wanyama wasiokuwepo.

Na katika takwimu, mbizi 5,000 kutoka wanyama 10 bado ni wanyama 10. Weka mnyama kama athari ya nasibu katika modeli, yaani modeli ijue mbizi zipi ni za mnyama yupi.

Tagi ikinyamaza

Usiandike "amekufa". Soma ujumbe wa mwisho. Volti ikishuka taratibu kwa wiki kadhaa, ni betri. Volti ikiwa nzuri lakini idadi ya ujumbe kwa siku ikapungua ghafla baada ya barafu kufunga, ni antena. Ujumbe ukizidi ghafla, nukta zikawa za daraja la 2 na 3, kina kikabaki sifuri, tagi imedondoka na inaelea: fuatilia mkondo, mpigie simu mwindaji aliye karibu. Swichi ikiganda kwenye "mkavu", ujumbe utazidi vivyo hivyo lakini kina kitaendelea kupanda na kushuka, na betri itakwisha mapema. Ikiganda kwenye "majini" hutapata kitu hata akiwa hai na mzima. Kimya cha wiki mbili katikati ya Januari, kikifuatiwa na nukta mbili za B mwezi Machi, ni barafu tu, kwa hiyo usifunge akaunti ya Argos mpaka Juni ipite.